Nywele za Msiba

Saskatoon, Machi

Dada yangu Alphonsine,

Theluji bado ipo, na supu ya kopo nimeizoea. Corrine, wakili wangu, ananidaia fidia kwa sababu askari jela walinikata nywele kwa nguvu. Jana, mbele ya jaji, mama anayeitetea serikali alinicheka: "Mzee wangu, si zitaota tu? Nywele si jino!"

Nikamjibu, "Zitaota, mama. Lakini sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hii, hukata nywele tukifiwa. Waliponinyoa nililia msiba, nisijue ni wa nani."

Sikumwambia Corrine kwamba ndugu niliyebaki naye ni wewe tu, na barua zangu hujawahi kuzijibu. Tangu nitoke gerezani, nywele nazikata mwenyewe. Niandikie hata neno moja, nipate kuziacha ziote.

Kaka yako,
Eli