Kura ya Shamba na Mtihani wa Nyambura

Jumatatu, 6 Novemba 1972

Nepi hazikauki. Nimezitandaza juu ya jiko, chumba chote kinanuka maziwa na moshi. Wairimu anaota meno. Kamau amemwaga uji, nikapangusa, akamwaga tena. Baba Kamau yuko njiani na lori la tajiri wake, labda Tororo, labda mbele zaidi. Hakuna habari.

Nyambura amefika kutoka shule. Wamepewa siku chache wapumzike kabla ya mtihani wa kidato cha sita. Huyu mdogo wangu amekuwa mrefu kunipita. Amelala kitandani kwetu na vitabu kifuani.

Ana habari. Shule imeambiwa chuo kikuu kule Nairobi kimeshachagua watu wake. Wameangalia alama za mtihani wa majaribio na maneno ya Sista Mkuu, basi. Jina lake limo kwenye orodha. Nilifurahi mpaka nikaketi chini. Halafu akasema, kwa hivyo huu wa mwisho ni desturi tu. Sikupenda vile alivyosema.

Jumatano, 8 Novemba

Baba mdogo Njoroge alikuja kabla sijawasha moto. Yeye ndiye aliyebaki kwa ndugu za marehemu baba. Lile shamba ambalo kampuni yetu ilinunua kwa mzungu, kule juu kati ya Ainabkoi na Timboroa, sasa linagawanywa. Kura ni Alhamisi tarehe ishirini na tatu. Kila mwenye hisa atatia mkono wake mwenyewe ndani ya kofia, atoe namba ya kipande chake. Hakuna kuchukuliana. Kwenye shamba lingine mtu mmoja aliwachukulia ndugu zake wote, wakaja kukatana mapanga. Asiyefika anangoja kofia iishe, anapewa kitakachobaki.

Hisa ya baba iko kwa jina la Nyambura. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nimeshaolewa. Akaandika yule aliyekuwa bado nyumbani.

Nyambura akaangalia ratiba yake. Tarehe ishirini na tatu ni karatasi ya historia.

Baba mdogo hakufikiri hata kidogo. "Si wameshakuchukua? Sasa unaenda kuwaandikia nini tena, salamu?" Akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. Akasema chini kwa mto ni udongo mweusi, unatia mbegu unarudi na gunia. Juu karibu na msitu ni mawe na baridi. Hata mbuzi huko wanakohoa.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga. Uliungua chini.

Ijumaa, 10 Novemba

Nauliza kila mtu. Karani wa posta anasema mtihani siku hizi si kitu, ni kujuana. Mwalimu wa shule ya msingi hapa karibu anasema mtihani ndio kila kitu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amesikia.

Mama Habiba, jirani, mke wa Msomali mwenye duka, anasema wanawe walisoma chuo cha Kurani tu na kila mmoja ana lori. "Nyinyi mmesoma sana, Mama Kamau. Mbona mnakuja kwangu kukopa sukari?" Sikuweza kukasirika. Kikombe kilikuwa mkononi.

Mimi nilipita mtihani wa la saba. Nilipita vizuri. Sikwenda mahali. Kwa hivyo najua kupita peke yake hakutoshi. Lakini kutofanya kabisa? Hiyo sijui.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya kanisa Nyambura amesema ataenda kwa kura. Shamba ni la baba, alisema, na chuo wameshamkubali. Alisema akiangalia ukuta.

Hapo ndipo nilimwona. Si shamba anataka. Anaogopa. Kwa majaribio alifanya vizuri mengine yote, historia alipita kwa tundu la sindano. Hiyo orodha imempa mahali pa kujificha, na Baba mdogo amemfungulia mlango.

Nilikasirika sana. Nikamketisha nikamsuka nywele, maana mikono ilitaka kazi. Shingo yake ina joto kama ya mtoto. Sikumwambia nimemwona. Nilimwambia tu kesho nakwenda shuleni kwake kumuuliza Sista Mkuu mwenyewe.

Jumatatu, 13 Novemba

Basi hadi huko, Wairimu akitapika mgongoni. Nilifika nanuka.

Sista Mkuu ni mzungu, Kiswahili chake cha vitabu, kizuri kuliko chetu. Nilimuuliza wazi. Huu mtihani bado una kazi, au mmeshamaliza? Nilifikiri atanijibu upesi. Alitoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mama, mwaka huu sijui. Waliniandikia hivi, baadaye wakaniandikia vingine."

Nikamwambia mimi nina shamba linaningoja, nataka ndiyo au hapana. Akasema hana ndiyo. Akasema mambo yakibadilika huko Nairobi, mwenye karatasi ya matokeo atakuwa na kitu cha kuonyesha, na asiyekuwa nayo atabisha kwa mdomo.

Nilirudi na hasira njia nzima. Mtu amesoma hivyo na hajui. Sasa sisi tutajua?

Jumanne, 14 Novemba

Nimemrudisha Nyambura shuleni. Nilimfungia sanduku mwenyewe. Nikamwambia siku hiyo utakaa kwenye kiti hata kama hujui kitu. Akauliza, na shamba la baba? Niachie mimi. Akasema sheria yao haikuruhusu wewe. Nikamwambia panda basi.

Alipanda bila kunishika mkono.

Basi likaondoka. Nimemfanyia uamuzi mtu mzima. Nikikosea, nimempotezea shamba, na labda hata chuo asipate. Ataniuliza miaka yote.

Ijumaa, 17 Novemba

Baba mdogo alipiga kelele mlangoni, majirani wote wakasikia. Mwanamke ameolewa kwingine, sasa anachezea mali ya marehemu baba yake. Nilimpa kiti. Alikikataa. Nilimpa chai, hiyo alikunywa.

Baba Kamau alirudi jana jioni, amechoka, macho mekundu. Nikamweleza yote. Alikula mpaka akamaliza. "Ukikosea ni wewe," akasema. "Ukipata ni sisi." Akalala. Leo asubuhi sana ameondoka tena.

Jumatatu, 20 Novemba

Maziwa yamepungua, mtoto analia na titi mdomoni.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimerudi. Naandika kabla sijavua nguo. Nikivua nitalala.

Nilimwacha Kamau kwa Mama Habiba. Wairimu mgongoni. Lori la kampuni lilitushusha mbele ya nyumba ya yule mzungu. Madirisha yameshatolewa. Watu wengi, wanawake wamekuja na sufuria kabisa, kama wanahamia. Ukungu mpaka saa nne. Tope.

Kofia ilikuwa ya mwenyekiti wa kampuni. Waliita majina. Mtu akitoa namba, wenzake wanamshangilia au wanamcheka. Baba mdogo alitoa kipande cha mtoni. Alikibusu kile kikaratasi. Halafu akanijia karibu.

"Mama Kamau, wakiita, itika tu. Sema wewe ndiye Nyambura. Hapa nani anajua sura zenu?"

Alisema kwa upole. Nadhani alitaka kunisaidia kweli. Na ni kweli, hakuna aliyetujua. Nilikuwa nimeshakubali. Nilivuta pumzi.

Waliita. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni kwamba mimi ni dada yake, mwenyewe yuko kwenye mtihani.

Sijui kama ni uaminifu au uchovu.

Watu walicheka. Mzee mmoja mwenye viatu vya gambuti akasema, "Mtihani gani tena? Mtihani si ndio huu hapa?" Wakacheka zaidi. Mwenyekiti hakucheka. Alisema hata yeye anaheshimu masomo, lakini akinifungulia mlango mimi, kesho atamfungulia nani? Nisimame kando.

Nikasimama kando. Siku nzima. Kila mkono ulioingia kwa ile kofia niliuhesabia udongo mweusi unaoondoka. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinipa kiazi cha moto, akanishikia Wairimu nikile. Hakuniuliza kitu. Huyo Mungu ambariki.

Kikabaki kimoja. Mwenyekiti hata hakunipa kofia. Alinisomea tu namba. Mpimaji wa ardhi akanyoosha kidole juu, kwa msitu. Nilipanda kwenda kuona. Mawe. Mengine makubwa kama ng'ombe amelala. Upepo unapita kwa sweta.

Baba mdogo alirudi kwa lori la kwanza. Hakuningoja.

Na Nyambura, aliketi au hakuketi? Sina wa kumuuliza.

Jumamosi, 25 Novemba

Homa. Mama Habiba ameleta chai ya tangawizi. Ameuliza tumepata wapi. Nikamwambia juu. Akaniachia sukari, hakutaja deni. Kwake hilo ni jambo kubwa.

Najuta. Wacha niandike hivyo. Leo najuta.

Jumatano, 13 Desemba

Nyambura amemaliza mtihani wote, amerudi. Aliketi. Hilo ndilo nililouliza kwanza, nikiwa bado nimeshika mzigo wake. Akasema aliketi mpaka mwisho, aliandika, lakini hajui aliandika nini.

Nilimpeleka juu kwenye shamba. Sikutaka asikie kwa Baba mdogo. Alizunguka kipande chote, mpaka hadi mpaka. Halafu akaokota jiwe, akalirusha kando ya mpaka. Akaokota lingine. Tulirusha mawe mpaka mikono ikauma. Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu.

Ijumaa, 2 Februari 1973

Kungoja ni kazi. Nyambura anaosha vyombo ambavyo nimeshaosha.

Mjini wanasema ile orodha ya kwanza imetupwa. Wengine wanasema haijatupwa, matokeo ndiyo yatatupwa. Baba mdogo ameleta unga, mara ya kwanza tangu kura. Anarudia kusema Nyambura alipewa nafasi kitambo, atakwenda tu, mtihani au hakuna mtihani. Anasema kama anayetaka tukubali. Nyambura hali vizuri. Akikosa, amekosa vyote, na mimi ndiye niliyempandisha basi.

Jumanne, 6 Machi

Matokeo. Tulikwenda sote, na watoto. Sista Mkuu alitoka mwenyewe hadi kwenye ngazi.

Amepita. Historia pia, si vizuri sana, lakini amepita.

Halafu akatueleza. Chuo kilianza upya kabisa, kwa matokeo haya. Ile orodha ya kwanza, kumbe, ilikuwa ya kujua vitanda vingapi vitahitajika tu. Wasichana wawili waliokuwamo wameondolewa. Mmoja ambaye hakuwamo ameingia. Nyambura amebaki, lakini si kwa masomo ya sheria aliyotaka. Ualimu. Alilia kidogo kwa ajili ya sheria, akajipangusa kwa leso yangu. Wale wawili walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mama zao. Sikuweza kuwaangalia wale mama.

Baba mdogo, tulipomwambia, alisema, "Si niliwaambia ataenda?" Nikamwacha. Atakufa akiamini hivyo, na chakula kitakuwa kitamu kwake vilevile.

Mimi sijaringa. Wangeweza kubadilisha tena mara ya tatu. Sista mwenyewe hakujua. Nilibahatisha, na nilibahatisha na maisha ya mtu. Sitaki kusahau hofu ile.

Jumamosi, 31 Machi

Mvua imeanza. Tuko juu tangu jana, tumepanda viazi. Huku mahindi hayatakubali, lakini jirani wa chini anasema viazi na pareto vitakubali, na yeye ni mtu wa hapa zamani. Tumepata nafasi ya kutosha katikati ya mawe. Si kubwa. Kamau anapanga mawe madogo, anasema ni ng'ombe zake.

Adhuhuri tuliketi kupumzika. Nikakumbuka sijawahi kumuuliza. Siku ile ya kura, wakati mimi nasimama kule chini, wewe uliulizwa nini?

Akafikiri. Akasema waliulizwa juu ya mfalme wa Ufaransa. Kwa nini watu wake walimwondoa.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku nzima kwenye tope kwa sababu ya mfalme wa Ufaransa. Naye akacheka, kwanza kwa aibu, halafu kweli.

Nikamwambia basi nieleze. Alikuwa na makosa gani? Akaanza mbali, na bei ya mkate, na wakulima, na kodi ya chumvi. Anaeleza vizuri. Hafanyi haraka. Nilisinzia.

Nilipoamka, Wairimu alikuwa mapajani mwa Nyambura, macho wazi, na yeye alikuwa bado anaeleza.