Michoro Waliyotaka Niichome

Mama,

Nakuamkia kwa salamu yetu: kamwene. Huko uliko natumaini hakuna baridi; huku Njombe asubuhi vidole vinakufa ganzi.

Nina hasira, acha niseme. Kinara cha shaba cha Bibi Kalista kimeibwa. Nimekitafuta hadi Makambako kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, sikukiona. Na sasa watu wanakusema wewe uliye kaburini! Eti kila jumuiya yetu ya kanisa iliposali nyumbani kwa mtu, ulibaki kuchora vyombo vyake vya kale, vinara, taa za chemli, mabirika, ili wezi wajue pa kuingia. Wewe, uliyeomba ruhusa hata kugeuza kikombe! Zamu yetu ya sala ilipofika wakaturuka. Nilikuwa nimeshatandika kitambaa cheupe mezani. Mama, aibu gani ile!

Kisha mwenyekiti wa jumuiya akaja na sharti: nichome michoro yako yote mbele ya watu, ndipo warudi kusali kwetu. Dada akasema choma tu, ni karatasi, tutaishi na nani hapa? Nikakubali. Nikawasha jiko uani, wote wamesimama, bahasha yako ya michoro mkononi.

Bibi Kalista akapenya mbele. Nikajua amekuja kuona michoro inavyoungua. Akauchomoa mchoro wa kinara chake, akausogeza machoni, akapitisha kidole pale shingoni kilipopinda. Kumbe ulichora hata pale! Marehemu mumewe ndiye aliyekiangusha, siku ya ubatizo wa kifungua mimba wao. Bibi akalia. Halafu akamgeukia mwenyekiti: "Mimi nimebaki na hiki tu. Nani anataka kukichoma?"

Wakatawanyika mmoja mmoja bila kusali, na dada akaingia ndani akafunga mlango.

Mwenyekiti bado haitikii salamu yangu. Zamu yetu sijui itarudi lini, na naogopa, sikufichi. Lile jiko nililipikia chai, tukanywa mimi na Bibi.

Lala salama, Mama. Sitachoma hata karatasi moja, nakuahidi. Kesho naenda kwa Bibi Kalista na penseli zako. Anasema mchoro wa pasi yake ya mkaa uliuacha katikati, na pasi ameshaiweka mezani.

Mwanao,
Tumaini