Mgeni Aliyejua Kila Kitu

5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Kuna dada uliyemshonea gauni, sasa amelazwa wodini kwangu. Kabla sijamchoma sindano alikuwa ameshaniambia kuwa goti lako la kushoto linauma, kwamba unaishi peke yako na cherehani yako inakwama. Mama! Kila unayempima kiuno lazima umsimulie maisha yetu? Cheka na wateja, lakini ya ndani yabaki ndani.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, mengine salama. Sasa nimpime mtu kifua nimekaa kimya kama bubu? Asiyesemeshwa hukakamaa, anabana pumzi, halafu nguo inambana na lawama kwangu. Hata hivyo, ahsante. Kijana uliyemtuma kuchukua cherehani akaitengeneze amefika. Ana adabu kweli! Nimemfungia kwa ile shuka yangu mpya isije ikakwaruzwa.

Mama yako

18 Machi

Mama,

Shikamoo, pole na goti. Sikumtuma mtu. Narudia, sikumtuma mtu yeyote! Angejuaje kuwa inakwama kama si mdomo wako? Umeibiwa kazi yako, na shuka ya kubebea umetoa wewe. Nimelia. Kuanzia leo usimfungulie usiyemjua, hata akitaja jina langu, hata akijua goti. Nitakutafutia cherehani nyingine.

Mwanao, kichwa kinamgonga

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na punguza ukali, mimi ndiye niliyekuzaa. Nimetia komeo. Nasalimia watu dirishani, na jirani yangu mwalimu ameshanuna. Sasa sikia: jana kaja mwingine! Kabeba cherehani mpya, eti ametumwa na wewe. Nikamuuliza, unanijuaje? Akataja goti, akataja na shuka! Nikasema hee, wamerudi hawa. Nikapiga yowe. Majirani wamemshika, amelala polisi. Safari hii utanisifu, ndiyo maana barua nampa dereva wa basi uipate upesi.

Mama yako

3 Aprili

Mama!

Shikamoo. Huyo ni mchumba wangu! Goti nilimsimulia mimi. Habari za shuka alizipata nikilia begani kwake. Cherehani tumeinunua pamoja, tukataka ikushtukize. Sasa umeshtuka! Tuko pamoja mwaka mzima, Mama, anataka kunioa. Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe leo leo. Kamtoe, nakuomba.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimemtoa, nimemwomba radhi, naye akacheka. Ndiye anayekuletea barua hii. Kuhusu wateja, umeshinda: sasa nawapima barazani, tunaongea mvua na bei ya vitambaa, na nikiulizwa naishi na nani, najibu tupo wengi.

Lakini nimekasirika, na nakwambia waziwazi. Mwaka mzima! Kijana wa watu anajua mpaka goti langu, mimi sijui hata kama amezaliwa. Ungenitajia tu kwamba yupo, nisingempigia yowe mkwe wangu mbele ya mtaa mzima. Uliponipangia nani ni mgeni na nani si mgeni, na mimi ukaniweka huko huko nje. Imeniuma kuliko cherehani.

Njoo Jumamosi, usimame naye mlangoni, unitambulishe kwa mdomo wako. Ndipo nitafungua.

Mama yako, si mgeni