Folda ya Lubondja Isiyouliziwa na Mtu

Yaya mpendwa, kaka yangu mkubwa,

Picha ulizopiga sasa zimekuwa faili. Tulipokimbia vita, miaka mingi baada ya kukuzika kule mjini Baraka, nilivuka nazo ziwa zikiwa zimefungwa ndani ya kitenge. Nimeziingiza moja moja kwenye kompyuta, mpaka mgongo umekataa kunyooka.

Mwanzoni tulizipanga kwa majina, kama watu waliosoma. Kisha serikali ikaamuru majina ya ubatizo yaachwe, kila mtu achukue la asili, na mpango wetu ukavurugika. Unamkumbuka yule mama aliyefuata picha yake ya kitambulisho?

“Jina?” ulimuuliza.

“Ya zamani ao ya sasa?”

“Ile tuliandika.”

“Mi nitajua gani muliandika? Hata bwana yangu iko anakosea namna ya kuniita!”

Ulicheka mpaka ukakaa chini. “Acha majina, mama. Unatoka wapi?”

“Mboko.”

“Sasa njo umesema kitu.”

Siku hiyohiyo tulimwaga picha zote sakafuni, tukazipanga upya kwa vijiji.

Kompyuta nayo huanza na majina. Ukiandika amri ya ls, inakuorodheshea kila kitu kwa alfabeti. Nimeweka programu-jalizi, kiongezo kidogo kinachozipa folda za vijiji vyetu rangi na kuzitanguliza mbele ya picha zilizotawanyika. Kisha katika faili la mipangilio nikatunga amri yangu fupi: folda iliyofunguliwa karibuni ikae juu. Ilinifaa. Watu wetu walioko mbali huniandikia, nitafutie baba, nitafutie shangazi, na karibu wote ni wa Mboko na Nundu.

Lubondja, kwetu, ikashuka mpaka chini kabisa. Hakuna anayeiulizia.

Nimechoka, yaya. Macho yananiuma, na mashine imejaa. Juzi niliandika amri ya kuifuta folda ile. Nilijiambia kwamba waliomo wamekwisha, na waliowajua pia wamekwisha. Ilibaki kubonyeza tu. Ndipo nikajiuliza nani bado anaweza kuzitambua nyuso zile, nikaona ni mimi peke yangu. Nikifuta, hakuna hata atakayejua kwamba kuna kilichofutwa.

Sikubonyeza. Badala yake niliongeza herufi moja kwenye amri yangu ya kuorodhesha, na mpangilio ukageuka: folda iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa sasa inatangulia. Nikiifungua inashuka, nyingine inapanda. Kila kijiji kitapata zamu yake, hata kama hakuna aliyeandika kukiulizia.

Leo asubuhi Lubondja ilikuwa ya kwanza. Nilikaa na shangazi zetu, na wale wazee waliokataa kutabasamu mbele ya kamera yako, mpaka chai ikapoa. Sikuwa na wa kumtumia chochote. Niliwatazama tu.

Pumzika, yaya. Kesho nitafungua inayofuata.

Mdogo wako