Upande Anaoegemea Baba

Ikutha, 6 Mei 2024

Ndugu yangu Mwau,

Salamu nyingi. Sisi tuko salama, isipokuwa mgonjwa wetu, naye anakusalimia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatia kabla sijamaliza.

Tangu kiharusi kimpate Machi, Baba haketi wima. Anaegemea kushoto, ule upande uliolemaa, na nikimnyoosha ananisukuma kwa mkono wa kulia kwa nguvu zote. Juzi tulianguka pamoja mlangoni. Akaniuliza kwa nini namwangusha. Wuui, nililia! Njoo unisaidie hata wiki moja.

Dadako,
Wayua

Wote, 13 Mei 2024

Dada Wayua,

Habari za huko? Huku ni kazi tu, hili duka la simiti na mabati haliachi mtu apumue.

Sasa nisikize. Anko Mulinge alipatwa na kiharusi hicho hicho mwaka jana, mdomo ukafungwa kabisa, lakini muda si mrefu alikuwa anatembea mwenyewe kwenda sokoni. Baba anaongea kama redio! Anasali, anataja ng'ombe wote kwa majina, halafu ashindwe kusimama? Huo ni ukaidi, na wewe unambembeleza kama mtoto.

Nimeongea na pasta. Jumapili tarehe mbili Juni tutafanya ibada ya shukrani. Baba ni mzee wa kanisa, atasimama mbele mwenyewe atoe ushuhuda. Nani ameona mtu akishuhudia kuponywa akiwa amekalia kiti? Wageni wameshaalikwa.

Mdogo wako,
Mwau

Ikutha, 17 Mei 2024

Mwau,

Hujambo? Sisi hatujambo, na salamu zimeishia hapo maana nina hasira.

Nilimpeleka Baba mjini Kwa Vonza kwa Ciku, yule anayewafanyisha wagonjwa mazoezi. Akaangalia picha ya ubongo wa Baba. Anko Mulinge aliumia upande wa kushoto wa ubongo, mahali pa maneno. Baba ameumia kulia, mahali panapomwambia mtu wima ni wapi. Kwake yeye kuinama ndiko kusimama! Ukimnyoosha anahisi unamtupa shimoni, ndiyo maana anasukuma. Mdomo wake ni mzima kwa sababu mahali pa mdomo hapakuguswa, mjinga wewe!

Ciku anasema atasimama, lakini polepole. Aketi akiangalia fremu ya mlango ili macho yamwonyeshe wima, na asiachwe peke yake hata kidogo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Mwau. Wewe uko huko mjini Wote unaalika wageni. Futa huo ushuhuda.

Dadako,
Wayua

Wote, 24 Mei 2024

Dada,

Natumaini mmeamka vyema. Sifuti kitu. Pasta amefunga na kuomba, kwaya imejiandaa. Wewe umezoea kuonekana wa maana kwa sababu Baba hawezi bila wewe. Mimi mwenyewe nitamshika nimpeleke mbele, halafu nitamwachia. Utaona, na utaona haya.

Mdogo wako,
Mwau

Ikutha, 11 Juni 2024

Mwau,

Nakusalimia kwa sababu Baba amesema nikusalimie.

Jumapili ile uliondoka hata gari la kumpeleka hospitali halijafika, na simu yako imezimwa tangu hapo. Basi soma. Nyonga imevunjika. Daktari anasema kwa umri wake, na kwa huo ubongo, hatasimama tena. Alikuwa ameanza kuketi wima bila kushikwa. Hukujua, kwa sababu hukuuliza.

Nilikuona ukimwachia. Baba akaanza kuinama huku anasema "Bwana asifiwe," nikainuka, na wewe ukaninyooshea mkono nisije. Wamama wawili wakanishika nguo wakidhani nataka kuharibu ibada. Shindwa kabisa, Mwau! Sijakusamehe na usiniombe.

Lakini kuna kitu kinaniuma kuliko hicho. Baba hakubali kwamba alianguka. Kila anayekuja kumwona anaambiwa alisimama wima mbele ya kanisa lote, na kijana wake Mwau ndiye aliyemsimamisha. Anakusifu. Anauliza utakuja lini umrudishe kanisani akamalize ushuhuda.

Mimi siwezi kumwambia. Njoo umwambie wewe.

Dadako,
Wayua