Kwa Darina, Uliyeondoka Kabla ya Kumjibu Bibi

Mwaka umetimia, Darina, tangu Jumanne ile ya Februari ulipoingia chumba cha upasuaji kutibiwa kifundo cha mguu, usiamke tena. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Madaktari walituambia moyo wako ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa ambayo hakuna aliyeijua. Mimi na baba yako tumejaribu kuyapokea hayo. Bibi yako Klavdia hakuyapokea. Amejiaminisha kwamba yeye ndiye aliyekuua, na tangu mazishi hakuwa amekanyaga kaburini kwako.

Ulianza mchezo wa kuteleza kwenye barafu ukiwa na miaka minne, kwa sababu bibi alikuwa akipokea makoti mlangoni mwa uwanja wa barafu hapa mjini kwetu Perm, Urusi, na hatukuwa na mtu mwingine wa kukuangalia. Alikuvika viatu vya kuazima, vyenye vyuma chini, na soksi tatu ndani yake. Ukaanguka, ukacheka, ukaanguka tena. Baadaye kocha Rimma Pavlovna akakuchukua, na nyumba nzima ikaishi kwa ratiba yako: saa kumi na mbili asubuhi barafuni, saa mbili shuleni, ukisinzia darasani. Mimi nilijifunza kushona shanga kwenye magauni, baba yako akajifunza kunoa vyuma vya viatu. Soksi zako mbichi zilikaa juu ya kila kipasha joto, nami nilikugombeza kila siku. Sasa hazipo, na sipendi hata kuvitazama vipasha joto hivyo.

Ulipofika miaka kumi na mitatu ukarefuka ghafla, na miruko yote ikakukimbia. Msimu mzima ulianguka mbele ya watoto wadogo.

"Twiga gani huyu mmeniletea?" Rimma Pavlovna alifoka.

"Twiga wako mwenyewe, kocha," ukamjibu ukiwa chini. "Umenifuga tangu mdogo."

Hukuacha. Miruko ikarudi mmoja mmoja. Ukapata medali ya fedha kwenye mashindano ya Kazan, na wanasesere wote waliorushwa barafuni na watazamaji ukawagawia watoto waliokuja kuwaokota. Kisha ukachaguliwa timu ya taifa ya vijana. Ilibaki kutibu kifundo kilichokuwa kikikuuma tu.

Kwetu mchezaji haombewi heri kabla ya kushindana, maana ikitajwa hukimbia. Huombewa mabaya, naye hujibu kwa tusi. Tangu ukiwa na miaka sita, bibi alikuinamia ukingoni mwa barafu akasema, "Urudi mikono mitupu!" Nawe, pamoja na adabu zako zote, ulimjibu kwa sauti, "Potelea kwa shetani, bibi!" Mlilipenda sana jambo hilo.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji ulimtazama, ukisubiri. Kinywa chake kikashindwa kukuombea mabaya. Akakufanyia ishara ya msalaba, akasema, "Kila la heri, mjukuu wangu."

"Ah, bibi! Leo umeniharibia. Sasa nikujibu nini?"

Ulikuwa unacheka. Wakakusukuma ndani.

Wiki iliyopita Rimma Pavlovna alikuja kwetu. Hata koti hakuvua. Aliketi jikoni mbele ya bibi.

"Klavdia Stepanovna, siku ya Kazan ulikuwa kitandani na homa. Hukumwambia neno, akarudi na medali. Kwenye mashindano ya Samara ulimwambia mara mbili, akaanguka mara nne. Maneno yako hayajawahi kumshika wala kumwangusha."

"Basi nani amemuua?"

"Hakuna."

"Hakuna?" Bibi akapiga meza. "Nimempoteza mtoto, halafu unaniambia hakuna? Kama si mimi, nimkasirikie nani?"

Rimma Pavlovna, ambaye hatukuwahi kumwona na chozi, akalia. Bibi akamsogezea chai. Kisha naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Jumamosi tulipokuwa tukifungasha ngano ya asali na chapati za maji za kukuletea kaburini, kama desturi yetu ya kukumbuka marehemu, tulimkuta bibi amekwisha kuvaa koti, ameketi karibu na mlango. Theluji makaburini ilifika magotini. Baba yako alitaka kumshika mkono, akamkatalia. Alipofika aliipangusa picha yako ya kaburini kwa mtandio wake.

"Niliogopa, Darinka," akasema. "Ndiyo maana nikasema vile. Niliogopa tu."

Kisha akasubiri umjibu. Sote tulisubiri naye. Alisimama pale mpaka miguu ikamfa ganzi, ndipo akakubali turudi nyumbani.

Unakumbukwa na baba yako Gennadi. Mama yako Larisa, niliyeandika haya. Mdogo wako Timofei. Kocha wako Rimma Pavlovna. Na bibi yako Klavdia.

Tutakukumbuka kila siku tutakayojaliwa, binti yetu.