Paa Asiyejua Kuogopa

Jumapili, 2 Novemba
Nimemtilia paa majani, nikaondoka. Simsemeshi. Ami alimleta shambani akiwa mchanga, yatima, na sasa amekua. Kule China watunzaji huvaa kama panda ili watoto wa panda wasizoee watu. Mimi najitanda gunia lililolazwa kwenye malalo yake, ninuke kama yeye, si kama mtu. Binamu zangu wanacheka. Na wacheke. Skuli nimemaliza, kazi yangu ndiyo hii.

Jumatano, 5 Novemba
Mlinzi wa hifadhi kaja. Paa kamwendea mpaka mkononi. Kasema akiachiwa porini hivi, mwindaji hatahitaji hata kukimbia. Mlinzi atarudi kumtazama. Akimkuta bado mpole, paa atabaki nyuma ya waya wa zizi maisha yake yote. Nilitaka kujibu. Sauti haikutoka. Najichukia.

Ijumaa, 7 Novemba
Wageni kutoka mji wa Sur. Bibi akatoa kahawa, vikombe vikagongana, na paa huyo, mbio hadi kwenye waya! Ndipo nikaelewa. Kila Ijumaa vikombe vikilia, wageni humpa tende. Tumemfundisha wenyewe. Na huko jangwani atakakoachiwa, kila kambi ya watu ina kahawa.
Nikasimama mbele ya wote.
"Tafadhalini, msimpe."
"Mgeni wangu hakai na njaa," Bibi akasema.
"Huyu si mgeni, Bibi. Huyu mfungwa."
Ami akageuka: "Kumbe ana ulimi huyu!"
Ninao.

Jumamosi, 8 Novemba
Gunia nimelivua. Leo mimi ni binadamu, na binadamu lazima awe mbaya. Nikagonganisha vikombe. Akaja. Nikapiga sinia kwa nguvu, nikammwagia maji. Alikimbia, akasimama mbali ananitazama. Nikalia. Nikarudia.
Bibi anasema nina moyo wa jiwe. Sawa.

Jumatatu, 17 Novemba
Mlinzi karudi. Bibi mwenyewe akakaa karibu na waya, akamimina kahawa, akanyoosha tende. Paa akapiga kwato chini, akakimbilia pembeni kabisa. Mkono wa Bibi ulibaki hewani.
"Basi kaniona jini," akasema.
Mlinzi kakubali. Paa anakwenda!

Alhamisi, 20 Novemba
Chini ya milima, mawe na migunga. Kreti ikafunguliwa. Paa alitoka, akasimama, hajui aelekee wapi. Upepo ukageuka, akatunusa. Akakimbia. Alitukimbia sisi.
Sikujua kama mtu anaweza kukimbiwa na akafurahi.
Garini Bibi alilala begani mwangu.